Mahindi Yaliyokataa Kwenda Mkutanoni

Kuna watu wakikasirika hupiga kelele, na kuna wengine hununa wakaenda kulala. Rodah Chepkemboi alipokasirika, alishika kazi. Hasira yake kubwa ilimpata mwaka wa themanini na nne, akiwa bado mke mchanga kule Chebunyo, upande mkavu wa Chepalungu, na kufikia mwaka wa tisini na saba ilikuwa haijamtoka. Wala hakutaka imtoke.

Mwaka ule wa themanini na nne mvua ilikataa kabisa. Lori lilileta mahindi ya manjano sokoni, na Rodah akapanga foleni tangu alfajiri na binti yake mgongoni, mtoto ambaye hata nguvu za kulia zilikuwa zimemwishia. Zamu yake ilipofika, mgawaji alimuuliza yeye ni wa boma gani. Akataja jina la baba mkwe wake, mzee aliyekuwa amegombana na wakubwa wa pale juu ya mpaka wa shamba. Mgawaji akamwambia, "Mama, simama kando kidogo." Rodah akasimama kando. Alisimama mpaka lori likaondoka. Mtoto hakuumaliza mwezi. Na kilichomuuma Rodah kuliko yote, kikamuuma mchana na usiku, ni kwamba aliambiwa asimame kando naye akatii.

Baadaye yeye na mumewe, Kipkurui, walihamia Sotik, upande wa chai. Kipkurui alipata kazi ya kuendesha trekta ya kansol, yaani baraza la wilaya, wakanunua kipande cha shamba, wakapanda chai na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ukikaa Sotik ni rahisi kusahau kwamba kuna kitu kinaitwa njaa. Mvua haikosi, majani ya chai hayaishi kuchipuka, na kilio kikubwa cha watu ni mvua ya mawe. Lakini shuka kidogo kuelekea Chepalungu uone jinsi nyasi zinavyogeuka rangi. Ni watu wale wale, lugha ile ile, nyimbo za kanisani zile zile, ila mawingu huwapita juu kwa juu kama hayawajui.

"Sisi huku tunalalamika bonasi ya chai imechelewa," aliwaambia akina mama wenzake kanisani mwaka wa tisini na tatu, "na kule chini watu wanachemsha mizizi. Hatuoni haya?"

Wengine waliona haya. Wengine waliona Rodah ana kimbelembele, wakamsengenya hadi wakachoka. Lakini baada ya mavuno kila mmoja alileta debe lake la mahindi, hata wasengenyaji. Bitutu, Mkisii aliyekuwa akiuza maharagwe soko la Sotik, naye alileta gunia kutoka kwao ng'ambo ya mpaka, akalitua chini na kusema hataki kusikia asante. Kisha akaja Jackton, Mjaluo aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha chai. Yeye aliweka gunia tupu mlangoni pa kantini, na kila mfanyakazi aliyepokea posho yake ya unga alimimina kikombe kimoja ndani akipita.

Rodah alimshangaa. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya makabila, nyumba ya Jackton ilikuwa imechomwa na vijana wa huku huku. Akamuuliza waziwazi kwa nini anawatolea chakula Wakipsigis, kabila lake Rodah.

"Mama, tulikimbia na watoto tukalala kwa kanisa hapa Sotik," Jackton akamjibu. "Nani alituchomea? Si ni vijana wenu? Na nani alituletea uji asubuhi? Si ni nyinyi akina mama? Zote nakumbuka. Lakini hii unga ni ya uji."

Mwaka huo wa kwanza walifanya kosa moja. Walikodi chumba sokoni, wakarundika mahindi yote humo, wakatia kufuli. Mkubwa mmoja wa pale akaja na tabasamu lake, akasema mahindi mengi namna hiyo yanahitaji usalama, akauchukua ufunguo. Ilipofika siku ya kwenda Chebunyo, chumba kilikuwa kimefagiliwa kikafagilika, na mkubwa akalaumu panya. Labda walikuwepo. Lakini hakuna aliyemwona hata panya mmoja aliyenenepa pale sokoni, ilhali mkubwa mwenyewe alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya mawe.

Rodah alirudi nyumbani akashika kazi. Alikuwa akisugua kibuyu cha kugandishia maziwa, akikisugua kama anataka kukitoboa, ndipo akamkumbuka baba yake. Mzee yule alihesabiwa tajiri wa ng'ombe pale Siongiroi, huko huko Chepalungu, lakini bomani kwake hukuona ila wachache. Waliosalia walikuwa wamewekwa kwa marafiki, huyu huku na yule kule, kama desturi ya Wakipsigis ilivyo tangu kale. Aliyewekewa ng'ombe humkamua, akanywa maziwa na watoto wake, lakini hamuuzi wala hamchinji, kwa sababu si wake. Maradhi yakiingia boma moja, au wezi, mali yote haiishi siku moja.

"Nani kati yetu baba yake aliweka ng'ombe zote kwa boma moja?" Rodah aliwauliza wenzake Jumapili iliyofuata. "Na sisi tumeweka mahindi yote kwa nyumba moja, na kufuli moja! Tulikuwa tumelogwa?"

Tangu siku hiyo mahindi yakawekwa kama ng'ombe. Gunia moja hapa, mawili pale, kila moja katika ghala la mama aliyeaminika. Mwenye kuwekewa aliruhusiwa kuchota gorogoro moja, kopo la kilo mbili, watoto wake wakipungukiwa, hayo ndiyo maziwa yake, lakini gunia si lake. Na ghala lenyewe lilikuwa na ulinzi kushinda kufuli. Kwa Wakipsigis ghala ni la mama. Mume hulijenga, hulitia paa, hurekebisha ngazi ikivunjika, lakini likishajaa hatii mkono wake ndani. Hata mlevi sugu aliyekwisha kuuza jembe na kitanda hupita mbali na mlango ule. Mwanamume akionekana anafungua ghala la mkewe, atachekwa mpaka ahame.

Kwa njia hiyo walishusha mahindi Chepalungu mwaka baada ya mwaka, bila kelele. Halafu ukaja mwaka wa tisini na saba, mwaka wa kiangazi kikali na mwaka wa kura, na hapo Diwani Kipkemoi akakumbuka kwamba watu huwa wana njaa.

Alimkuta Rodah shambani, kikapu mgongoni, akichuma chai. Diwani alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu.

"Chamgei, Mama Chepngeno," akamsalimu, akimwita kwa jina la bintiye wa pili. "Nimesikia hiyo kazi yenu. Nimefurahi sana. Sasa, Jumamosi niko na mkutano Siongiroi. Leteni mahindi yote huko, nitawagawia watu mimi mwenyewe."

"Jumamosi hiyo hiyo tunaenda Chebunyo, Mheshimiwa. Watu wameshaambiwa."

"Wataambiwa tena. Wakuje Siongiroi na kadi ya chama, basi. Hakuna vita."

"Na mwenye hana kadi?"

"Huyo atasimama kando kidogo."

Rodah aliacha kuchuma.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hatuleti."

Diwani alicheka, akakung'uta suruali yake iliyokuwa imeshika umande. "Bwana yako bado anaendesha ile trekta yetu?" akauliza kwa upole. Kisha akaaga vizuri na kwenda zake. Rodah aliendelea kuchuma bila kuona anachochuma, majani machanga na makuukuu pamoja, mpaka ikabidi akimwage kikapu kizima chini na kuanza kuchambua upya.

Jioni wakati wa chakula Kipkurui alikuwa ameshasikia.

"Umemwambia Mheshimiwa nini?"

"Nimemwambia hapana."

"Si ungemwambia tutafikiria?"

"Nimeshafikiria."

Kipkurui alimega ugali, akauchovya kwenye mboga, akaushika tu mkononi. "Hiyo trekta ndiyo inasomesha Chepngeno."

"Najua."

"Unajua, na bado umesema hapana."

"Eeh."

Ukweli ni kwamba Rodah aliogopa sana. Moyoni alitamani mumewe amkataze, agonge meza, atoe amri, ili yeye apate mtu wa karibu wa kumkasirikia. Kipkurui hakumkataza. Aliusukuma tu ule ugali mbali, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Ijumaa Diwani alifika kanisani na askari wawili wa kansol na vijana wa kubeba mizigo. Aliamuru ukumbi ufunguliwe. Ndani alikuta viti vya kwaya na ngoma moja. Kuuliza huku na huku, akaambiwa mahindi yako kwa wenyewe, nyumbani. Basi akaita trekta ya kansol na trela lake, izunguke boma kwa boma. Na dereva wa trekta hiyo alikuwa nani, kama si Kipkurui?

Ndivyo Rodah alivyomwona mumewe akiingia uani kwao, Diwani akimfuata nyuma ndani ya Land Rover, na majirani wakikimbilia uani kuona kitakachotokea. Diwani alishuka, akaelekeza kidole kwenye ghala.

"Kipkurui, fungua. Hapa ni kwako."

Kipkurui alizima trekta. Aliangalia ghala lile kwa muda, kisha akajikuna kidevu. "Mheshimiwa, ni mimi nilijenga. Lakini kufungua sijawahi. Hata sijui linafunguliwa aje."

Vicheko vikaanza kando kando. Diwani akamgeukia askari aliyeitwa Gekara, akidhani huyo, kwa kuwa ni Mkisii, hatajali mambo ya Wakipsigis. Gekara akaangalia buti zake.

"Mkubwa, hata kwetu mtu haingii kwa stoo ya bibi ya wenyewe. Nikirudi nyumbani nitasema nini?"

"Hii ni ujinga ya zamani!" Diwani alifoka, tabasamu limemtoka. Akaanza kukunja mikono ya shati. "Nitafungua mimi."

Rodah alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ghala. "Fungua," akasema. "Lakini ukimaliza hapa, nenda kwa boma zote. Na usiruke ya mama yako. Hata yeye tumemwekea."

Diwani aliganda na mkono mmoja wa shati umekunjwa, mwingine bado. "Uongo," akasema. Na kwa kuwa hakuweza kuliacha neno hilo hapo mbele ya watu wote, aliingia ndani ya gari na kuelekea ng'ambo ya kijito, bomani kwa mama yake, ili arudi amwaibishe Rodah vizuri. Trekta ikamfuata. Watu nao wakafuata trekta, na Rodah akiwa mbele yao.

Mama yake Diwani, bibi kizee aliyeitwa Taprandich, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ghala lake akichambua maharagwe. Hakuinuka.

"Mama, kuna mahindi ya hawa watu hapa?"

"Iko."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe ukikuja huku unaongea na wazee, unaenda."

"Basi toa, mama. Inaenda mkutano Siongiroi."

Bibi aliacha maharagwe. Alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi kichwani. "Uko na njaa, Kipkemoi?"

"Mimi? Hapana!"

"Mwanaume anatafuta kwa stoo ya mama yake akiwa na njaa. Kama uko na njaa, sema tu, hakuna aibu. Nilikulisha mpaka ukaota ndevu, sitashindwa leo."

Akainuka taratibu, akafungua ghala lake mwenyewe, akachota gorogoro moja ya mahindi, akaijaza hadi juu. Akaja akamshikisha Diwani mikononi, mikono yote miwili.

"Shika. Hiyo ni yako, wewe ni mtoto wangu. Ile ingine nimewekewa."

Kwanza hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Gekara akakohoa, kikohozi kikageuka kitu kingine, na kicheko kikapasuka pande zote, watu wakashikana mabega. Diwani alisimama na gorogoro yake. Kuimwaga asingeweza, chakula cha mama yake mzazi, mbele ya kijiji. Kuirudisha asingeweza vilevile. Aliibeba hadi kwenye gari akiishika kwa makini isimwagike, akaiweka kwenye kiti cha mbele, na ndipo akamwita Kipkurui.

"Wewe. Leta ufunguo wa trekta."

Kipkurui aliutoa mfukoni akampa. Hivyo ndivyo alivyomwaga unga, mchana kweupe, na majirani zake wakimtazama. Kicheko kiliisha ghafla.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Rodah nyuma ya mumewe. Alitaka kumwambia pole, akashindwa, kwa sababu pole ni neno dogo sana kwa mtu uliyempotezea kazi. Walipofika kwenye kijito Kipkurui alisimama, akanawa uso, akayaangalia maji.

"Sasa kesho tunabeba na nini?" akauliza.

Rodah alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka mingi, na hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile, na uso wake umelowa hivyo.

Walibeba na pikapu aliyoiazima Bitutu kwa shemeji yake. Akina mama waliyatoa magunia maghalani alfajiri, na Jackton na wenzake waliokuwa wametoka zamu ya usiku kiwandani wakayapakia, macho mekundu kwa usingizi. Hadi jua linapanda walikuwa wamefika Chebunyo.

Watu walikuwepo, wamejaa uwanja wa kanisa, wameketi kwenye nyasi kavu. Sheria ya Rodah ilijulikana. Kwake hakukuwa na foleni. Kila mtu alikaa alipokaa, na chakula kilimfuata. Lakini siku hiyo, gunia la kwanza lilipofunguliwa, hakuna aliyesogeza mfuko wake. Watu waliangalia chini.

Rodah alifuata macho ya mtu mmoja aliyetupa jicho kwa siri kwenye duka la kando ya uwanja, akaelewa. Kwenye nguzo ya duka alikuwa ameegemea kijana wa pale pale, Weldon, mikono kifuani. Diwani alikuwa amemtuma na ujumbe: atakayepokea mahindi ya Rodah ataonekana, na msaada wa serikali ukija hatauonja.

Rodah alitaka kulia kwa hasira. Hakuwakasirikia wao. Aliwajua vizuri mno, aliyajua magoti yao na shingo zao zilizoinama, kwa sababu vilikuwa vyake. Akapanda juu ya pikapu.

"Sitawaambia msiogope," akasema. "Mimi mwenyewe naogopa. Bwana yangu jana alikuwa na kazi, leo hana, na msichana wetu atafukuzwa shule. Lakini mimi niliambiwa nisimame kando, hapa hapa Chebunyo, na nikasimama. Nilizika mtoto. Wengine wenu mlikuwa hapa. Sasa mimi sirudi Sotik na hii mahindi. Mkitaka tukae hapa tuangaliane mpaka Krismasi, tutakaa."

Akashuka, akaketi juu ya gunia. Jackton naye akaketi. Kipkurui akaketi chini karibu na gurudumu. Mtoto mmoja tu alikuwa akilia mahali fulani, kilio kidogo cha mtoto asiyetarajia kitu.

Mama wa mtoto huyo ndiye aliyeinuka. Alikuwa mwembamba, ameufunga mgongoni mzigo wake wa kilio. Akaja mpaka mbele ya Rodah, akatandaza leso yake chini. Lakini kabla hajapokea chochote aligeuka kuelekea dukani.

"Wewe, Weldon!" akaita. "Mimi ni Monicah Chepkurui. Boma yetu iko nyuma ya kisima. Ukifika kwa Mheshimiwa sema vizuri, usikosee jina."

Rodah akammiminia. Mahindi mengine yakaanguka kando, na mama yule akapiga magoti kuyaokota punje kwa punje. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa tayari amesimama, akilitamka jina lake na la ukoo wake kama mtu anayesimama mahakamani. Kisha mwingine, kisha wengi, wakisimama pale pale walipokuwa wameketi, wakimpigia Weldon majina yao kwa sauti, wazee, wajane, wasichana, na wengine wakiongeza hata jina la ng'ombe wao aliyekufa. Rodah alipima huku machozi yakimtiririka, hakuyafuta, hakuona sababu ya kuyaficha.

Watu walipoanza kupungua, Weldon alikuwa bado kwenye nguzo yake. Mikono haikuwa kifuani tena.

"Na wewe?" Rodah akamwita. "Kwenu wamekula?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

"Sijauliza hiyo. Nimeuliza kama wamekula."

Weldon aliangalia barabara inayoenda Siongiroi. Aliiangalia sana. Kisha akaja, kichwa chini, akavua koti lake na kulitandaza penye nyasi. Rodah akaijaza gorogoro na kuishikilia juu ya koti bila kumimina.

"Jina hatujasikia!" Monicah akapaza sauti kutoka nyuma.

Weldon akainua kichwa, akasema jina lake na la baba yake, kwa sauti iliyofika barabarani.